Mazoezi makali kiasi gani kwa mwenye usugu wa insulini?

Maswali haya nayasikia mara kwa mara hapa Dodoma, hasa kwa watumishi wa ofisini na akina mama waliotoka kupima wakaambiwa sukari "inaelekea kupanda".

Nimeambiwa nina usugu wa insulini, lakini bado si kisukari. Maana yake nini?

Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho. Inapiga hodi kwenye misuli ili sukari iliyo kwenye damu iingie ndani. Kwako hodi inapigwa, mlango unachelewa kufunguliwa, basi kongosho linatoa insulini zaidi na zaidi ili lisikike. Hali hiyo inaweza kuendelea miaka mingi vipimo vikiwa karibu na kawaida. Kongosho likishindwa kuongeza tena, sukari inapanda. Ikifika 7.0 mmol/L au zaidi kabla ya kula, na kipimo kikarudiwa kikatoa jibu lilelile, hicho sasa ni kisukari.

Mazoezi yanaingiaje hapo?

Msuli unaofanya kazi una mlango wake wa pili, na mlango huo hausubiri insulini. Ukitembea, sukari inaingia. Tena ukishapumzika, msuli unabaki msikivu kwa insulini kwa siku nzima, pengine hadi siku mbili au tatu, kisha unarudi kwenye usugu wake. Kwa hiyo kutembea kwa muda wa saa tatu Jumapili halafu kukaa hadi Jumapili nyingine hakukusaidii kiasi unachodhani. Usipitishe siku mbili mfululizo bila mazoezi. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko suala la kasi.

Anayetufundisha mazoezi anasema bila jasho ni kazi bure. Ni kweli?

Hapana, na kwa Dodoma jasho ni kipimo kibaya sana. Hewa yetu ni kavu, upepo wa Julai unalikausha kabla hujaliona; mwezi wa Novemba unalowa ukiwa umekaa kivulini. Pima kwa mdomo wako. Ukiweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba, hayo ni mazoezi ya wastani, na yanakutosha kabisa kuanzia. Ukiweza kuimba, ongeza hatua. Ukitoa maneno mawili matatu ukatafuta pumzi, umeshaingia kwenye makali.

Anayependa namba ahesabu mapigo ya moyo: toa umri wako kwenye 220, kisha lenga kati ya asilimia 64 na 76 ya jibu. Mwenye miaka 45 anapata 175, hivyo anatafuta mapigo 112 hadi 133 kwa dakika. Lakini kama unameza atenolol au dawa nyingine ya jamii hiyo kwa ajili ya presha, achana na hesabu hii. Dawa hizo hupunguza mapigo, nawe utajisukuma kupita kiasi ukifukuzia namba.

Basi makali hayafai?

Yanafaa, kwa wakati wake. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za wastani kwa wiki, au 75 za makali. Ukishazoea kutembea kwa wiki kadhaa, tafuta mwinuko kama ule wa kupanda kuelekea Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM): panda haraka dakika moja, tembea polepole dakika mbili, rudia. Usishtuke ukipima mara baada ya hapo ukakuta sukari imepanda kidogo. Mwili uliosukumwa sana hutoa adrenalini, na ini linamwaga sukari yake ya akiba. Kwa kawaida inashuka yenyewe. Mwenye maumivu ya kifua, au presha isiyotulia, amwone daktari kabla ya kugusa makali.

Nafanya kazi Mtumba, kwenye mji wa serikali. Natoka alfajiri, narudi giza limeingia.

Gawanya. Ukimaliza ugali wa mchana, tembea dakika 10 hadi 15 kabla hujarudi kwenye kiti. Ndio wakati sukari ya chakula inapoingia kwenye damu, na miguu inaipokea. Shuka kituo kimoja kabla ya nyumbani. Siku mbili kwa wiki fanya kazi ya nguvu: kaa na kusimama kwenye kiti bila kushika, mara 10, pumzika, rudia, sukuma ukuta kwa mikono. Misuli ndiyo ghala kubwa la sukari, usiache ghala lisinyae.

Ninatumia dawa za sukari. Nitaanguka?

Metformin peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Glibenclamide na sindano za insulini zinaweza. Kwa hizo, pima kabla ya kuanza na usitoke na njaa. Ukihisi kutetemeka, njaa ya ghafla au kuchanganyikiwa, simama. Koroga vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, kisha pima tena baada ya dakika 15; ikiwa bado chini ya 4 mmol/L, rudia. Tembea na sukari hiyo mfukoni, na uvae raba zilizofunika vidole. Njia zetu zina miiba, na mguu uliokufa ganzi hautakwambia umechomwa.