Je, kukata kinyama cha kupima puani husambaza saratani?

Wengi huamini kwamba uvimbe ukiguswa na chuma, saratani husambaa. Imani hii haikuzuka hewani: mgonjwa hukatwa kinyama cha kupima, na miezi michache baadaye hali yake huwa mbaya zaidi. Lakini saratani za sainasi (mianya yenye hewa inayozunguka pua), ambazo ni adimu, hukua kimyakimya ndani ya mifupa ya uso. Pua kuziba upande mmoja na kamasi yenye damu hudhaniwa mafua, hadi shavu lafa ganzi au meno ya juu yalegea. Mara nyingi kipimo huukuta ugonjwa umeshafika mbali. Hatari ya kipimo chenyewe kuusambaza ni ndogo sana.

Bila kinyama hicho kuangaliwa kwa hadubini, daktari anabahatisha. Limfoma, yaani saratani ya chembe za limfu, hutibiwa zaidi kwa dawa na mionzi, ilhali saratani nyingine nyingi za hapo huanza na upasuaji. Kwa kawaida picha ya CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha ndani ya kichwa) hutangulia, maana uvimbe mwingine huvuja damu nyingi ukikatwa. Tahadhari hiyo ni ya haki kabisa.

Ukisikia kisa cha aina hii, uliza picha ya kwanza ilipigwa lini na ilionyesha nini kabla ya kukatwa. Mgonjwa anaweza kuomba nakala ya majibu yake.