Land Rover ya zamani, injini mpya: yanayosemwa gereji na yanayosemwa na mkataba wa bima

Land Rover aliyotuachia marehemu baba ni Series III ya mwaka 1978. Ilipotoka gereji ya Nyakato ilikuwa na injini ya dizeli ya Toyota, 3L ya lita 2.8, badala ya ile ya petroli ya lita 2.25 iliyotoka nayo kiwandani. Nilikwenda kuikatia bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, nikiwa na kadi ileile ya gari ya miaka yote. Wakala akanakili kilichoandikwa kwenye kadi, nikalipa, nikaondoka na furaha.

Miezi tisa baadaye nilimkwepa bodaboda pale Buzuruga nikaingia mtaroni. Hakuumia mtu. Mkadiriaji wa hasara alikuja, akapiga picha bampa na taa, kisha akafungua boneti. Akachukua kitambaa, akafuta grisi kwenye namba ya injini, akaisoma, akatazama karatasi yake, akaisoma tena. Madai yangu yalikataliwa: gari lililokatiwa bima lilikuwa la petroli na lenye injini nyingine.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwasikiliza wenzangu wenye magari ya kale hapa Mwanza, na naona wengi wanatembea na imani zilezile nilizokuwa nazo mimi. Nyingi si za kweli.

“Nina stika, nimelipa, basi nimelindwa.”

Hii ndiyo iliyoniumiza, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Stika inathibitisha kwamba bima ipo. Ukiingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima utaona kama ni halali na inaisha lini, na ni vizuri kufanya hivyo kila unapokata bima, maana karatasi bandia zipo. Lakini mfumo hauijui injini iliyo chini ya boneti yako. Anayeijua ni wewe.

Mkataba wa bima umejengwa juu ya sharti la uaminifu wa hali ya juu. Maana yake, mwenye gari ndiye anayepaswa kueleza kila jambo ambalo lingeweza kuifanya kampuni ya bima iongeze ada, iweke masharti, au ikatae kabisa. Usijitetee kwamba wakala hakukuuliza. Na wajibu huo hauishii siku ya kulipa: ukibadili injini mwezi wa nne wakati bima ulikata mwezi wa kwanza, peleka taarifa kwa maandishi mwezi huohuo wa nne, na uombe nyongeza ya maandishi kwenye mkataba. Ujumbe wa simu kwa wakala mnayefahamiana hautoshi. Akihamia Geita au Bukoba, ameondoka na ushahidi wako.

Kabla ya hapo anza na TRA, Mamlaka ya Mapato. Kadi ya gari ina namba ya chesisi, namba ya injini, ujazo wa injini, aina ya mafuta, rangi na idadi ya viti. Chochote kati ya hivyo kikibadilika, kadi nayo inapaswa kurekebishwa. Tunza risiti ya injini na uthibitisho kwamba ilinunuliwa kihalali, kwa sababu injini isiyo na karatasi inaleta maswali ya polisi kabla hata ya yale ya bima.

“Wanaangalia injini tu, mengine ni urembo.”

Series III ilitoka kiwandani na breki za ngoma magurudumu yote manne. Ukiweka injini yenye nguvu kubwa, ukaongeza matairi mapana na kuinua springi, umetengeneza gari linalokimbia zaidi kuliko linavyosimama, na uzito wake umepanda juu. Ukishuka nalo mteremko ukakuta daladala imesimama ghafla, utaelewa kwa nini mtu wa bima anauliza. Ngao ya mbele, winchi, tangi la ziada la mafuta, viti vilivyoongezwa nyuma, vyote viorodheshwe. Kitu kisichoandikwa huenda kisilipwe hata kama gari lenyewe litalipwa.

Si kila badiliko ni baya machoni mwao. Breki za diski zilizofungwa vizuri, mikanda ya usalama, alamu na kifaa cha kufuatilia gari ni mambo ya kuyataja kwa sauti.

“Andika thamani ndogo ulipe kidogo.”

Ushauri huu hutolewa kwa nia njema na ni hatari. Kiwango kilichozoeleka cha bima kubwa kwa gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani. Gari la milioni 40 linakuwa na ada ya shilingi 1,400,000 kabla ya VAT; ukiandika milioni 20 unalipa 700,000. Umeokoa laki saba. Sasa upate ajali ya matengenezo ya milioni 10. Kwa kuwa umekata bima ya nusu ya thamani, mikataba mingi inaruhusu kampuni ikulipe nusu ya hasara: milioni 5, na hapo bado hawajatoa kile kiasi unachobeba mwenyewe.

Kosa la upande wa pili pia lipo. Mtu anajumlisha risiti zote za gereji, zikifika milioni 30 anasema gari lina thamani ya milioni 30. Bima ya kawaida hulipa bei ya soko siku ya hasara, na soko halirudishi kila shilingi uliyolipa kwa kuchomelea na kupiga rangi. Tafuta mthamini anayetambulika, mpe picha za kazi kuanzia chesisi ikiwa uchi, kisha uiombe kampuni ikubali thamani hiyo kwa maandishi kabla hujalipa. Uingereza, ambako ziko kampuni zinazohudumia magari ya kale, bima ya thamani iliyokubaliwa mapema ni jambo la kawaida. Hapa kwetu itabidi uiombe, na wengine watakataa. Nenda kwa mwingine, au tumia broka azungumze na kampuni kadhaa kwa niaba yako.

“Ni gari binafsi, kulipeleka harusini si biashara.”

Jumamosi Capri Point hujaa maharusi wanaopiga picha ziwani, na gari la kale lililofungwa maua linapendwa sana. Ukimbeba bibi harusi wa ukoo wako bure, hilo ni tendo la undugu. Ukipokea malipo, hata laki moja ya “mafuta na dereva”, umelikodisha, na mkataba wa matumizi binafsi haugusi ukodishaji. Omba aina ya matumizi ibadilishwe. Ada itapanda, lakini fikiria nani yuko kwenye kiti cha nyuma.

“Bima kubwa itanitengenezea kila kitu.”

Hapana. Kutu ya chesisi (bodi ya Series III ni aloi ya aluminiamu, lakini chesisi ni chuma), injini iliyokufa njiani kwenda Kigongo, giaboksi iliyochoka: huo ni uchakavu, ni mzigo wako. Na bima ndogo haikutengenezei gari lako hata kidogo. Ipo kwa ajili ya watu wengine utakaowadhuru.

Ukikataliwa madai na unaamini ulisema kweli yote, usikubali kuishia kaunta. Omba sababu kwa maandishi, kisha peleka malalamiko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. TIRA nao wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza. Mimi sikwenda, kwa sababu kadi yangu ilisema petroli. Sasa inasema dizeli.