Washington: jina la kijiji, ukoo, mji na waliolichagua wenyewe

Dhana: Ukoo wa Washington ulichukua jina la mji mkuu wa Marekani.

Ni kinyume chake. Mji ndio ulioitwa kwa jina la George Washington, mwaka 1791, naye yungali hai tena rais. Ila ukoo wenyewe nao ulikuwa umelitoa jina mahali: kijiji cha Washington, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Katika karne ya 12 bwana mmoja, William de Hertburn, alipata ardhi huko, akaliacha jina lake la awali akajiita kwa jina la ardhi mpya. Msomaji wa pwani yetu, aliyezoea kusikia mtu wa Barawa akiitwa al-Barawi, hatashangaa.

Dhana: Jimbo la Washington ndiko uliko mji mkuu.

Jimbo liko upande wa pili wa nchi, pwani ya Pasifiki. Walowezi wa huko waliomba eneo lao liitwe Columbia. Mwaka 1853 Bunge la Marekani likaona watu watalichanganya na Wilaya ya Columbia, ulimo mji mkuu, likaamua liitwe Washington. Dawa ikawa mbaya kuliko ugonjwa.

Dhana: Wanaoitwa Washington ni uzao wa rais huyo, au wa watumwa wake.

George Washington hakuzaa mtoto. Watumwa aliowaacha huru kwa wosia wake walikuwa 123 tu, idadi isiyoweza kueleza wingi wa jina hili leo. Na hapa ndipo picha ya Mzungu mwenye nywele za unga inapopotosha zaidi: katika sensa ya Marekani ya mwaka 2000, karibu 9 kati ya kila 10 wenye ukoo huu walikuwa Weusi. Baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, wengi walijichagulia jina la ukoo, na si lazima liwe la bwana wao. Booker T. Washington, mwalimu mashuhuri, alikuwa mtoto alipoulizwa shuleni jina lake kamili. Hakuwa nalo, akajitajia Washington palepale.

Kenya jina hili limegeuka kuwa la kwanza. Washington Okumu, Mkenya aliyesaidia kukishawishi chama cha Inkatha kiingie katika uchaguzi wa Afrika Kusini mwaka 1994, ukoo wake ni Okumu.