Paka mgeni hataki kula, na majirani wanasema anaringa

Lete paka mpya kwenye ploti ya Nairobi, iwe Umoja au South B, na kabla jua halijatua ushauri umeshakufikia mlangoni. Keyateka, yaani msimamizi wa ploti, anakwambia umfunge kamba asije akatoroka. Jirani analeta maziwa kwenye kikombe. Mama mboga, bila kuacha kukata sukuma, anasema paka hufugwa tangu mdogo. Huyu mkubwa umejisumbua bure. Wote wanakutakia mema. Paka mwenyewe wakati huo yuko nyuma ya friji, kajikunja katikati ya vumbi na nyaya, masikio yamelala kichwani, mboni zimepanuka hadi macho yanaonekana meusi, na sahani uliyomwekea haijaguswa.

Mengi yanayosemwa juu ya paka huyu yanamchukulia kama mtoto mkaidi mezani. Ukweli ni kwamba ana hofu, na mnyama mwenye hofu hainamishi kichwa kwenye sahani hadi ahakikishe hakuna kitakachomrukia. Kwa hiyo una kazi mbili kwa wakati mmoja: kumpa utulivu, na kuhesabu saa.

“Mwache na njaa, atakula tu”

Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayoua. Paka akikosa chakula, mwili wake huyeyusha mafuta yaliyohifadhiwa na kuyapeleka kwenye ini. Ini la paka halimudu mzigo mkubwa wa mafuta kwa mpigo. Mafuta hujazana ndani ya seli zake, ini likaanza kushindwa kazi, na hapo paka hupoteza hata ile hamu ndogo aliyokuwa nayo. Anatapika, anadhoofu, fizi na ngozi ya ndani ya masikio zinageuka manjano. Siku chache tu za kutokula zinaweza kuanzisha haya, na paka mnene ndiye aliye hatarini zaidi, ingawa watu humtazama wakasema ana akiba. Akifika huko, tiba huwa ni kulishwa kwa mrija, mara nyingi kwa wiki kadhaa.

Basi njaa haimfundishi paka adabu. Paka mkubwa akimaliza saa 24 bila kula chochote, mpigie daktari wa mifugo. Mtoto wa paka usimsubirie hata nusu ya muda huo, kwa maana hana akiba na sukari yake hushuka upesi. Kulamba mchuzi mara mbili hakuhesabiki kuwa mlo.

Lakini kwanza hakikisha kweli hali. Paka wengi wageni hula usiku wa manane, nyumba ikiwa imelala na matatu za mwisho zimeshapita. Pima chakula kwa kijiko unapokiweka jioni, kitazame asubuhi, kisha kague sanduku la mchanga analojisaidia. Choo hakidanganyi.

“Anaringa, kazoea vya watu wenye pesa”

Paka hujifunza akiwa mdogo kipi ni chakula na kipi si chakula, hata kwa jinsi kinavyohisika mdomoni. Aliyelelewa kwa punje kavu anaweza kuitazama minofu ya samaki kana kwamba umempa matofali. Ndiyo maana swali la maana siku ya kumchukua, iwe ni kutoka kituo cha KSPCA, shirika la kutetea wanyama, kule Karen au kwa mtu anayehama nchi, ni hili: alikuwa anakula nini, na saa ngapi? Omba kiasi cha chakula hicho hicho uondoke nacho. Mambo ya kubadilisha yaje baadaye, ukichanganya cha zamani na kipya kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja hivi.

Halafu kuna pua. Paka haonji utamu kabisa. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba jeni inayotengeneza kipokezi cha ladha hiyo imeharibika kwa paka. Kinachomwita kwenye sahani ni harufu, na chakula kilichotoka kwenye friji hakinukii. Weka bakuli lake ndani ya sufuria yenye maji ya moto kwa dakika chache, koroga, kisha gusisha kidogo kwenye kifundo cha mkono wako. Ukihisi vuguvugu kama la mwili, kiko tayari. Mbinu nyingine, na hii ni ya Nairobi hasa: chukua gao la omena, osha mchanga wote utoke, chemsha bila chumvi wala kitunguu, kisha mwagia vijiko viwili vya maji yake juu ya chakula alichozoea. Jiko zima litanuka. Jirani atajua. Mara nyingi ndevu zitaanza kuchungulia kutoka nyuma ya friji kabla hujaosha sufuria.

Ikiwa hata hilo halimtikisi, mtazame puani. Mafua ya paka ni ugonjwa wa kawaida kwa waliotoka penye paka wengi, na virusi vyake vingine hulala mwilini vikisubiri siku ya mfadhaiko kama hii ya kuhama. Paka aliyezibwa pua haoni sababu ya kula. Mpanguse kwa kitambaa chenye maji vuguvugu, kaa naye bafuni wakati maji ya moto yanatoa mvuke, na umwone daktari. Chafya na macho yanayotoka usaha hayaishi kwa mvuke peke yake.

“Mvute atoke huko, umkumbatie azoee”

Ukimvuta utajifunza jinsi kucha zinavyofanya kazi. Na si kucha tu: Kenya ina kichaa cha mbwa, na paka pia hukipata na kukiambukiza. Paka ambaye hujui kama kachanjwa akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Wanaosema paka wa ndani ya nyumba hahitaji chanjo wanasahau kwamba milango hufunguka.

Maficho ndiyo dawa yake ya kwanza. Mpe yaliyo bora kuliko friji: katoni iliyolazwa upande, yenye kitambaa ndani, ikiwa kwenye kona isiyopitwapitwa. Kama una vyumba viwili, mwanzoni mwachie kimoja tu. Kama ni bedsita, kona ya nyuma ya kiti na shuka iliyoning'inizwa vinatosha. Chakula kiwe upande mmoja na sanduku la mchanga upande wa pili kabisa, maana hakuna paka anayependa kula karibu na choo. Wengine hupendelea hata maji yakae mbali na sahani. Unga wa mbao kutoka kwa fundi unaweza kutumika badala ya mchanga wa dukani, mradi mbao hazikutiwa dawa.

Kisha keti sakafuni, upande upande, usimkodolee macho. Soma, chambua maharagwe, zungumza kwa sauti ya chini. Akikutazama, fumba macho polepole na kuyafumbua. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2020 uligundua kwamba paka hujibu ishara hiyo, na humkaribia zaidi mgeni aliyewafanyia hivyo. Watoto wa ploti watataka kuja kumwona. Waambie wiki ijayo.

Paka akikoroma usihitimishe kwamba amefurahi. Hukoroma pia akiwa na maumivu au hofu. Soma mwili mzima: mkia, masikio, kama amelala ubavu au amejikunja tayari kukimbia.

“Ugali na omena vinatosha, paka ni paka”

Hapa najua nagusa bajeti za watu, na paka wengi wa mitaani wamekulia ugali. Wamekulia pia panya, mijusi na mabaki ya buchari, na hivyo ndivyo vilivyowaweka hai. Mwili wa paka umejengwa kwa nyama. Unahitaji taurini, kirutubisho kinachopatikana nyamani, ambayo hauwezi kujitengenezea ya kutosha, na mahindi hayana. Mwaka 1987 watafiti wa California walionyesha kwamba paka walioikosa walipata ugonjwa wa moyo kutanuka na kulegea, na wengi walipopewa taurini moyo ulirudi kufanya kazi. Upungufu huo huharibu macho pia, na macho hayarudi. Chakula cha mbwa hakizibi pengo. Hakikutengenezwa kwa hesabu ya paka.

Ninavyoona, kama pesa ni chache, afadhali nusu ya mlo iwe chakula kamili cha paka na nusu iwe nyama au samaki uliyochemsha, ukimpa pamoja na supu yake kwa kuwa taurini huyeyukia majini. Maini yawe ya mara moja moja tu. Yakizidi vitamini A hujaa mwilini na kuharibu mifupa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti, tupa. Na yale mabaki ya kitoweo cha jana usimpe, kwa sababu vitunguu, vibichi au vilivyopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu yake.

Maziwa? Paka wengi wakubwa hawasagi sukari ya maziwa, wakaishia kuhara. Mrudishie jirani kikombe, na shukrani.

“Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe”

Methali hii watu huipeleka hadi kwa paka: kala siku mbili, sasa atoke akashike panya, na asishibishwe sana asije akawa mvivu. Kuwinda hakutegemei njaa peke yake. Paka aliyeshiba bado huwinda. Mfungie ndani wiki mbili tatu angalau, hadi harufu ya nyumba yako iwe harufu ya kwao. Ukimwachilia mapema hupotea akitafuta kule alikotoka. Ukiwa ghorofani weka wavu kwenye baraza na madirisha. Na kumbuka zile sumu za panya zinazouzwa kandokando ya barabara za jiji: panya aliyezila humfikia paka akiwa bado na sumu ndani.

Ndani nako kuna hatari. Maua ya lili, yale makubwa yenye harufu kali yanayouzwa City Market, huua figo za paka, hata kwa kulamba chavua iliyomwangukia manyoya. Parasetamoli kidonge kimoja kinaweza kummaliza. Dawa ya kupe ya mbwa yenye pamethrini humletea degedege, kwa hiyo ukienda agroveti sema wazi kwamba ni ya paka.

“Daktari ni wa ng'ombe”

Kuna madaktari wa wanyama wadogo wengi Nairobi, na Kabete kwenyewe ndiko Chuo Kikuu cha Nairobi kinakowafundishia. Usisubiri asubuhi ikiwa paka anapumua mdomo wazi, au ikiwa dume anajikamua kwenye mchanga na mkojo hautoki. Kwa safari, katoni imara yenye matundu, ifunikwe kwa leso, ndani uweke kitambaa alichokuwa akilalia. Bodaboda si mahali pake, omba lifti au panda teksi. Andika mlo wa mwisho ulikuwa lini, vijiko vingapi, choo kilionekanaje, na dawa yoyote uliyompa, hata kama ni ile jirani aliyokushauri.