Kama Mungu ashakupenda bure, ya nini kujisumbua kuwa mwema?

Hili swali Mombasa halikosi, dini huku inaongelewa hadi kwenye foleni ya feri Likoni: ati Walutheri wanasema mtu anaokolewa kwa neema, kwa imani, si kwa matendo, sasa si kila mtu atafanya atakavyo?

Haya, tumsikize Martin Luther mwenyewe, yule mtawa Mjerumani ambaye Walutheri wamepata jina kwake. Mwaka 1518 kule Heidelberg, Ujerumani, alitetea hoja zake mbele ya watawa wenzake, na ile ya 28 inasema upendo wa Mungu haukuti kitu cha kupendeza ndio upende, unakiumba, lakini wa binadamu huamshwa na kinachopendeza. Yaani sisi twampenda mtu kwa uzuri wake, pesa zake, ama alitufaa siku moja, Mungu ampenda mwenye dhambi kwanza na ule upendo ndio wamfanya awe mzuri. Kwangu mimi maadili yote ya Kilutheri yanaanzia hapo, maana kama pendo la Mungu halinunuliki basi tendo jema halina tena kazi ya kumhonga Mungu, na likikosa hiyo kazi laenda wapi? Kwa jirani.

Chukua mtu anayembebea bibi kikapu cha nazi pale kwenye feri. Akiwa moyoni anahesabu thawabu, yule bibi ashakuwa ngazi tu ya kupandia mbinguni. Asiye na deni la kulipa amuona bibi mwenyewe, mkono unavyotetemeka, kikapu kinavyomlemea. Ndio maana Luther 1520 akaandika kwamba Mkristo ni huru, hana bwana juu yake, na papo hapo ni mtumishi wa wote.

Na si lazima liwe jambo kubwa, hii ndio naipenda zaidi: kwenye maandishi yake ya 1522 kuhusu ndoa anasema baba akifua nepi za mtoto watu wakamcheka, Mungu na malaika wake wanatabasamu, kwa kuwa anafanya kwa imani. Enzi hizo utakatifu ulikuwa wa watawa bana, yeye akaupeleka kwenye beseni la nepi!

Lakini tusidanganyane, wapo wanaoifanya neema leseni. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri Ujerumani, mwaka 1937 aliwavaa wenzake kwa kuhubiri neema ya bei rahisi, msamaha bila toba. Hakurudisha biashara ya thawabu, alisema neema ilimgharimu Mungu uhai wa Mwanawe, kwa hiyo haiwezi kuwa rahisi kwetu, na inakuita umfuate Yesu. Kwake yeye kufuata huko kulimfikisha hadi kwenye njama za kumwangusha Hitler, na Manazi wakamnyonga Aprili 1945.