Korveti za Maua: meli ndogo zilizopambana na nyambizi

Swali tunaloulizwa sana kuhusu korveti za Uingereza za Vita vya Pili vya Dunia ni hili: meli iliyoshindwa mbio na nyambizi ilikuwa na faida gani? Swali ni la haki. Korveti ya aina ya Maua ilikwenda maili za baharini 16 kwa saa, ilhali nyambizi ya Ujerumani, ikiwa juu ya maji, ilifikia 17 na ushei.

Lakini korveti haikujengwa ili ifukuze. Kazi yake ilikuwa kusindikiza msafara wa meli za mizigo na kuilazimisha nyambizi ipige mbizi. Ikishakuwa chini ya maji, nyambizi ya wakati ule ilitegemea betri, ikajikokota, na msafara ukapata nafasi ya kwenda zake.

Mchoro wa korveti ulitokana na meli ya kuwindia nyangumi, Southern Pride. Mwaka 1939 William Reed wa kampuni ya Smith's Dock aliurefusha, ikapatikana meli ya mita 62 hivi, yenye rafadha moja na injini ya mvuke ya pistoni. Injini hiyo ilikuwa ya kizamani hata kwa siku zile, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote. Tabo za mvuke (injini zenye mapanga yanayozungushwa na mvuke) zilihitaji karakana maalumu, nazo zilikuwa chache na zimeelemewa na kazi. Injini ya pistoni iliwezekana kwa karakana yoyote iliyozoea meli za biashara, na mabaharia wa akiba walioitwa vitani walikuwa wakiifahamu tayari. Zikajengwa zaidi ya 260, nyingi Uingereza na Kanada, baadhi kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, mbali kabisa na bahari. Zile za Uingereza zilipewa majina ya maua: Gladiolus, Bluebell, Camellia. Kanada ikapendelea majina ya miji yake.

Kuitafuta nyambizi kulifanywa kwa asdiki, chombo kinachopeleka mlio majini na kusikiliza mwangwi wake. Tatizo ni kwamba mabomu ya kina, yaani yanayolipuka chini ya maji, yalidondoshwa upande wa tezi (nyuma ya meli), baada ya meli kupita juu ya shabaha, na mwangwi ulipotea kabla ya kufika hapo. Nahodha wa nyambizi alipata nafasi ya kukata kona. Baadaye ukaja mtambo uitwao Hedgehog, uliorusha mabomu 24 mbele ya omo, yaani mbele ya meli, wakati mwangwi bado unasikika. Usiku, nyambizi ikiwa juu ya maji, asdiki haikufaa kitu. Hapo rada mpya za kuanzia 1941 ndizo zilizookoa jahazi.

Maisha ndani ya korveti yalikuwa ya taabu. Meli iliyumba mno, na katika zile za mwanzo chakula kilibebwa kupitia sitaha iliyo wazi, kikafika kimepoa au kimelowa maji ya chumvi. Gladiolus ilipotea Oktoba 1941 na mabaharia wake wote.

Mwezi mmoja kabla, karibu na Greenland, korveti za Kanada, Chambly na Moose Jaw, ziliizamisha nyambizi ya Ujerumani U-501. Nahodha wa nyambizi hiyo aliruka kutoka chomboni mwake hadi sitaha ya Moose Jaw, akiwaacha watu wake nyuma.

Korveti za Maua zilifika hata Bahari ya Hindi. Mei 1942, Uingereza ilipoivamia Diego Suarez nchini Madagaska, Auricula iligonga bomu la kutegwa majini ikazama. Jeshi la majini la Uingereza la mashariki lilikuwa limehamia Kilindini, Mombasa, lakini vyombo vya kusindikiza vilikuwa haba. Juni na Julai mwaka huo nyambizi za Japani ziliingia Mlango wa Msumbiji, zikakuta meli nyingi za biashara zikisafiri peke yake, zikazamisha zaidi ya 20.