Mji usio na meya: maana ya makazi yasiyo na manispaa Marekani

Ukitoka Havre, kaskazini mwa Montana, ukafuata barabara kuu namba 2 kuelekea magharibi, baada ya kilomita 60 hivi utafika Rudyard. Maghala marefu ya ngano yamesimama kando ya reli, posta ipo, na bango linatangaza kwamba hapa wanaishi watu wema 596 na mnunaji mmoja. (Bango lina mzaha, na limepitwa na wakati: sensa ya 2010 ilihesabu 258.) Usimtafute meya, diwani wala ofisi ya mji. Kisheria, Rudyard si mji.

Marekani, nyumba kukaa pamoja hakutoshi kuzifanya mji. Wakazi wenyewe ndio huanzisha mchakato wa kuomba hadhi hiyo chini ya sheria za jimbo lao. Wakiipata, wanakuwa na baraza, bajeti na sheria ndogo zao. Wasipoomba, kwa kawaida wanabaki moja kwa moja chini ya kaunti, yaani kitengo cha utawala kilicho chini ya jimbo. Msomaji wa Tanzania, aliyezoea kuona kila kijiji kilichosajiliwa kina mwenyekiti na mtendaji wake, huenda akadhani haya ni makazi holela. Siyo. Viwanja vimepimwa, watu wana hati, na kodi ya majengo inalipwa kama kawaida.

Kwa hiyo barabara ya mtaa ikiharibika, malalamiko yanakwenda kwa makamishna watatu wa kuchaguliwa wa Kaunti ya Hill, ilimo Rudyard, ambao ofisi yao iko Havre. Mwizi akiingia, anaitwa sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti. Lakini si kweli kwamba hakuna serikali kabisa. Wilaya ya shule ni mamlaka inayojitegemea: ina bodi inayochaguliwa na fungu lake katika kodi ya majengo, na sekondari ya North Star iko hapo hapo Rudyard. Sheria ya Montana pia inaruhusu wakazi kuunda wilaya ya maji na majitaka yenye bodi yao. Kwa maoni yangu hili ndilo linalosahaulika zaidi: mamlaka za hapo hapo zipo, ila kila moja imepewa kazi moja tu, na hakuna inayozikusanya zote chini ya paa moja.

Ukubwa nao hauamui. Hingham, jirani wa Rudyard, ina watu wachache zaidi, na bado ni mji kamili kisheria. Monowi, kule Nebraska, sensa ya 2010 ilihesabu mkazi mmoja, naye alikuwa ndiye meya. Upande wa pili, sehemu kubwa ya ule mtaa wa makasino unaojulikana duniani kama Las Vegas haimo ndani ya mji wa Las Vegas. Imo Paradise, makazi ya watu zaidi ya laki moja na nusu yasiyo na manispaa.

Katika tambarare za kaskazini hali hii ni ya kawaida kwa sababu ya reli. Hadi 1888 eneo hili lilikuwa ndani ya hifadhi kubwa, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya wenyeji asilia: Wablackfeet, Wagros Ventre na Waassiniboine. Hifadhi ikakatwa, reli ya Great Northern ikapita, na vituo vikapandwa kando yake. Sheria ya 1909 ikaongeza shamba la bure katika maeneo makavu kutoka ekari 160 hadi 320, walowezi wakamiminika. Ukame ulioanza 1917 ukawafukuza wengi wao. Kituo kilichobaki na familia chache hakikuwa na haja ya kugharimia karani wa mji.

Mwishowe, Ofisi ya Sensa huchora mpaka kuzunguka baadhi ya makazi haya ili iweze kutoa takwimu za watu wake. Mpaka huo ni wa takwimu tu. Mkulima aliye hatua chache nje yake humpigia kura kamishna yule yule wa kaunti, na akiibiwa anampigia simu sherifu yule yule.